Lenzi Pana na Kidirisha Chembamba

Mhariri amenipa kurasa chache nieleze jambo moja la upigaji picha ambalo wadogo zetu wa chama cha picha huliuliza kila mwaka: yawezekanaje kamera ikaona mambo ambayo mpigaji mwenyewe hakuyaona? Mtu ametazama vizuri, amewapanga watu wake, amefyatua. Filamu inaposafishwa, kumbe ndani ya picha mna ndoo ya jikoni, mna mbuzi, mna mtoto asiyealikwa, na wale watu waliopangwa kwa heshima wamekuwa wadogo kama punje za ulezi. Si uchawi. Ni hesabu, tena ni hesabu rahisi ya kuzidisha na kugawanya.

Kwanza yafaa kujua tofauti ya kamera na kamera. Simu ya mkononi humwonyesha mpigaji, juu ya kioo chake, picha ile ile itakayochukuliwa. Kamera kubwa za studio za zamani zilifanya vivyo hivyo: mpigaji alijifunika kitambaa cheusi, akaiona picha juu ya kioo cha nyuma, ingawa ilikuwa imepinduka miguu juu. Lakini kamera yenye kipima umbali haifanyi hivyo. Ina matundu mawili yasiyojuana. Tundu moja ni lenzi, nayo huipelekea filamu nuru. Tundu la pili ni kidirisha kidogo pembeni juu, ambacho jicho hutazamia. Unachokiona hakikupitia kwenye lenzi. Ndiyo sababu mtu aweza kupiga picha nzima lenzi ikiwa bado imefunikwa kifuniko, wala asitambue mpaka siku ya kusafisha.

Basi kidirisha kitajuaje lenzi inaona wapi? Hakijui, huambiwa. Ndani yake mna mistari myeupe iliyochorwa mfano wa mlango, nasi twaiita fremu. Kila lenzi ina fremu yake. Unapovisha lenzi, shingo yake husukuma kidole kidogo ndani ya kamera, na fremu inayoihusu huonekana. Kilicho ndani ya mistari kitaingia katika picha. Kilicho nje kitabaki nje. Wazee wetu husema macho hayana pazia. Kidirisha kina pazia, na pazia lake ni mistari hiyo.

Sasa shida yenyewe. Kamera hizi zilizaliwa katika dunia ya lenzi moja. Leica ya kwanza, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuuzwa kuanzia mwaka 1925 na kiwanda cha Ernst Leitz kule Wetzlar, Ujerumani, ilikuwa na lenzi ya 50. Namba hiyo ni milimita, nayo ni urefu wa fokasi. Kadiri inavyopungua ndivyo lenzi inavyoona upana zaidi. Mwaka 1954 ikaja Leica M3, yenye fremu za 50, 90 na 135 ndani ya kidirisha kimoja. Lenzi iliyo pana kuliko 50 haikuwa na mistari humo. Ikafuata M2, iliyoongeza fremu ya 35. Fremu ya 28 haikuingia mpaka M4-P ya mwaka 1980. Hata hivyo, muda huo wote lenzi pana zilikuwapo: mwaka 1958 iliuzwa lenzi ya 21 kwa ajili ya kamera hizo hizo zisizokuwa na mistari yake.

Mtu atauliza, kwa nini hawakuchora mistari mingi tangu mwanzo? Sababu yake ni ya haki. Kidirisha cha M3 huonyesha vitu karibu kwa ukubwa wake wa kweli, yaani sehemu 0.91. Ukubwa huo husaidia sana kupima umbali kwa usahihi, hasa kwa lenzi ndefu. Lakini kitu kikionekana kikubwa, nafasi ya kuonyesha vilivyo pembeni hupungua. M2 ilishusha ukubwa mpaka 0.72, ndipo fremu ya 35 ikapata nafasi. Huwezi kupata yote mawili: ukitaka kuona upana, utaona vitu vidogo, ukitaka kuona vikubwa, utapoteza pembeni. Tena mwenye miwani hupoteza zaidi, kwa kuwa jicho lake haliwezi kukaribia tundu.

Chama chetu hapa Gitega kina M2 moja, zawadi ya mwanafunzi wa zamani, pamoja na lenzi mbili: ya 50 na ya 28. Hiyo ya 28 ni ya skrubu, ya miaka ya hamsini, nayo huvishwa kwa kutumia pete. Hapa sikilizeni vizuri. Pete ile ilitengenezwa kwa lenzi za 50. Kwa hiyo ukivisha lenzi ya 28, kamera hudanganywa na pete, nayo huonyesha fremu ya 50. Zamani lenzi hii ilikuwa na kidirisha chake cha kuchomeka juu ya kamera, pale panapowekwa taa ya kumulikia. Kidirisha hicho kilipotea kabla ya mimi kuzaliwa. Lenzi imebaki, pete imebaki, na udanganyifu umebaki.

Je, udanganyifu huo una hasara gani? Wengine husema hauna: lenzi imechukua zaidi ya ulivyoona, basi hakuna mtu aliyekatwa, kata ziada, mambo yamekwisha. Nataka niwajibu kwa habari ya kweli iliyotokea shuleni kwetu.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Muyinga, amepanda gari tangu alfajiri kupitia Karuzi. Alikaribishwa na padri anayetunza kumbukumbu za shule, nami nilikuwapo kwa kuwa ufunguo wa chumba cha giza ulikuwa kwangu.

“Padri,” akasema, “nimeambiwa mnazo picha za wanafunzi wa zamani. Baba yangu alisoma hapa. Nyumbani picha zake ziliungua. Watoto wangu wananiuliza babu yao alifanana na nani.”

“Karibu, mama, keti kwanza,” akajibu Padri. “Tutamtafuta.”

Tukampata. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino nyuma ya picha ya darasa: mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Padri akamwekea kidole. Yule mama akaikaribisha picha machoni, akaipeleka dirishani penye mwanga, akakaa kimya. Kisha akasema, “Padri, huyu aweza kuwa mtu yeyote.”

Picha ilikuwa pana sana. Upande mmoja mlikuwa na mti mzima wa mparachichi, upande wa pili mlango wa jiko, juu mbingu tele, chini nyasi tele. Katikati darasa zima limejikusanya kama siafu. Tulitafuta filamu yake, tukaipata, nami nikaiweka katika mashine ya kukuzia. Kichwa cha yule mzee juu ya filamu hakikufika hata milimita moja. Nilipokikuza, sura haikuja. Zilikuja chembe za filamu tu, nyeusi na nyeupe, kama mchanga uliomwagwa. Mama alichukua nakala, akashukuru, akarudi Muyinga.

Nilitaka kujua sababu. Daftari la chumba cha giza limeandika: M2, lenzi 28. Nikakata karatasi yenye ukubwa ambao fremu ya 50 ingekuwa nao ndani ya picha ile, nikaiweka juu yake. Darasa likaenea sawasawa, kutoka ukingo mpaka ukingo. Basi jambo likawa wazi. Mpigaji aliona fremu ya 50, akaiamini, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka darasa zima likaingia ndani ya mistari. Wakati huo lenzi ya 28 ilikuwa inaona mbali zaidi kila upande. Simlaumu mtu huyo. Alifanya bidii, akafuata alichoonyeshwa. Lakini tazameni hesabu.

Picha moja ya filamu yetu ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Upana unaoonekana mbele ya lenzi ni umbali ukizidishwa kwa 36, kisha ukagawanywa kwa namba ya lenzi. Tuseme mpigaji alisimama mita 10. Lenzi ya 50 ingeona upana wa mita 7.2. Lenzi ya 28 iliona karibu mita 12.9. Darasa la mita 7.2 likachukua asilimia 56 tu ya upana, na asilimia 56 tu ya kimo. Zidisha moja kwa nyingine: chini ya theluthi moja ya filamu ilitumika kwa watu, na zaidi ya theluthi mbili ikatumika kwa mparachichi na mlango wa jiko. Kichwa cha mtu, tuseme sentimita 24, kwa lenzi ya 28 kutoka mita 10 huwa milimita 0.67 juu ya filamu. Kama mpigaji angalisimama mita 5.6, kichwa hicho hicho kingalikuwa milimita 1.2, na darasa lingaliingia lote. Tofauti ya sura inayotambulikana na sura ya mtu yeyote ilikuwa hatua tano au sita za mguu. Wala kukata ziada hakurudishi kitu, maana chembe za filamu hazigawanyiki zikawa sura.

Kwa hiyo tumejiwekea kanuni katika chama: lenzi ikiwa pana kuliko mistari, mistari isitazamwe kabisa, upana upimwe kwa njia nyingine. Njia zenyewe ni tatu, na hakuna inayohitaji fedha.

Njia ya kwanza ni ya ukuta. Chora ukutani kwa chaki mstatili wenye upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.4. Lenzi ya 50 huujaza mstatili huo kutoka mita 5. Lenzi ya 35 huujaza kutoka mita 3.5. Lenzi ya 28, kutoka mita 2.8, lenzi ya 21, kutoka mita 2.1. Mnaona jinsi namba zinavyojirudia: namba ya lenzi ndiyo umbali, ukiihesabu kwa desimita. Simama mahali pako, utazame kidirishani, uone mistari ya kamera inaangukia wapi na mstatili wa chaki uko wapi. Kwa M2 utagundua jambo la kufaa: ukiacha mistari ukatazama dirisha zima mpaka kwenye kingo zake, unachokiona chakaribiana na lenzi ya 28. Si sawa kabisa, na jicho lazima ligandamane na tundu, lakini chafaa pale ambapo nafasi ni finyu na mambo ni ya haraka. Kwa M3 haiwezekani, kwa kuwa dirisha lake zima ni jembamba mno kwa 28. Kila mwenye kamera na aipime yake kwa chaki, asiamini ya jirani.

Njia ya pili ni kadi na uzi. Kata katika kadi ngumu tundu la milimita 108 kwa 72. Funga uzi chini ya kadi, uupige mafundo: fundo la milimita 150 ni la lenzi ya 50, la 105 ni la lenzi ya 35, la 84 ni la 28, na la 63 ni la 21. Shika fundo unalotaka kando ya jicho, nyosha uzi, fumba jicho la pili, tazama tunduni. Hicho ndicho lenzi inachokiona. Kingo zitakuwa na ukungu kidogo kwa sababu kadi iko karibu na jicho, lakini utajua kama ndoo imo au haimo. Uzuri wa kadi ni kwamba waweza kutembea nayo uwanjani peke yako kabla ya watu kufika, ukatafuta mahali pa kusimama, ukaweka jiwe.

Njia ya tatu ni kichwani. Lenzi ya 35 huona upana ulio karibu sawa na umbali: ukisimama mita 6, waona kama mita 6. Kwa lenzi ya 28, chukua upana unaoutaka, uuzidishe kwa 7, ugawanye kwa 9; jibu ni umbali wa kusimama. Tulipopiga picha ya wanafunzi wa zamani waliokusanyika hapa Gitega, watu 36 walipangwa mistari mitatu ya watu kumi na wawili. Mtu mmoja aliyesimama bega kwa bega huchukua kama sentimita 55, basi mstari mmoja ni mita 6.6. Nikaongeza nafasi ya pembeni mpaka mita 8. Nane mara saba ni 56. Gawanya kwa tisa, ni mita 6.2. Umbali huo hupimwa mpaka mstari wa mbele, kwa kuwa mstari ulio karibu ndio unaojaza picha upesi. Nilipima kwa kamba, nikaweka jiwe, nikasimama hapo. Wazee walicheka kwamba kijana anapima kiwanja cha kujenga nyumba.

Mtauliza kwa nini niliongeza karibu mita moja na nusu za bure, nami ndiye niliyelalamikia mti na mlango. Sababu ni tabia ya lenzi pana. Kitu chenye mviringo, kama kichwa, kikikaa ukingoni mwa picha huvutwa kuelekea nje. Kwa lenzi ya 28, kichwa kilicho ukingoni kabisa hunenepa kama sehemu moja ya tano. Kwa lenzi ya 21, karibu theluthi moja. Simu zenu zina lenzi pana kuliko hizo, nanyi mmekwisha kuona bibi harusi mwembamba akiwa na msimamizi mnene, kumbe nyumbani ni dada pacha. Basi ukingoni achia ukuta au majani. Usimweke mzee pale ati kwa sababu amechelewa kufika.

Jambo lingine watu hulifahamu kinyume. Wengi hupanga watu kwa nusu duara, wakidhani ya kuwa kwa lenzi pana wote watakuwa na ukubwa mmoja. La. Lenzi ya kawaida hupima kina cha kitu kutoka kwenye kamera kwenda mbele, haijali kama kitu kiko pembeni. Mstari ulionyooka hutoa watu wa kimo kimoja. Nusu duara humkuza aliye kwenye ncha na kumdogosha aliye katikati.

Hapa Gitega mfano wake uko karibu. Kule Gishora, mlimani, ngoma za kifalme hupigwa zikiwa zimepangwa nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati. Mila hiyo iliingizwa na UNESCO katika urithi wa wanadamu mwaka 2014. Mgeni mwenye lenzi pana hukaribia, na picha yake huwa na ngoma mbili kubwa kama mapipa kwenye ncha, na wapigaji wa nyuma kama watoto. Tuseme nusu duara ina kipenyo cha mita 8, yaani yule wa nyuma yuko mita 4 zaidi kuliko wa ncha. Kwa lenzi ya 28 utasimama mita 6.2 kutoka kwenye ncha, na wa nyuma ataonekana kwa kimo cha asilimia 61 ya wa ncha. Kwa lenzi ya 50 utarudi mita 11, naye atakuwa asilimia 73. Ngoma hatuwezi kuzipanga upya, maana mpangilio ni wa wenyewe na una maana yake. Kwa hiyo penye nafasi ya kurudi, tumia lenzi ya 50 ambayo kidirisha kinaijua. Lenzi pana si ya kuonyesha ufundi. Ni ya mahali ambapo mgongo wako umefika ukutani.

Mahali pa namna hiyo tulipapata Muyinga. Chama kilitumwa huko kupigia gazeti hili picha za wanafunzi wa zamani wanaofundisha upande ule, nasi tukapita kuitazama maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, iliyo sehemu ya shule ya watoto viziwi. Mbele ina baraza ndefu yenye nguzo, na ndani mna wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala wakisoma. Barazani hapana pa kurudi nyuma. Lenzi ya 50 huona nguzo mbili na bega la mtu. Hapo ndipo 28 inapostahili chakula chake.

Lakini penye nguzo kuna mtego wa pili. Ukiinamisha kamera juu kidogo, nguzo zote huegemeana juu kama walevi, ukiishusha, hupanuka. Kwa lenzi nyembamba kosa ni dogo. Kwa lenzi pana huonekana sana, na kidirisha chembamba hakionyeshi kingo ambako kosa ni baya zaidi. Dawa yake ni chombo cha fundi mwashi: pimamaji ndogo, iwekwe juu ya kamera. Ikisimama sawa, nguzo zitasimama.

Kamera ikiwa sawa, sehemu ya chini ya picha huwa ardhi. Ukisimama mita 7 kutoka ukutani na kamera iko mita 1.5 juu ya ardhi, lenzi ya 28 huona mita 4.5 za ukuta, na robo ya chini ya picha yote ni sakafu au udongo ulio mbele ya ukuta. Huanza kuona ardhi kutoka mita 3.5 mbele ya miguu yako. Basi tembea kwanza, uokote viatu na ndoo. Na asubuhi, jua likiwa chini mgongoni mwako, kivuli chako chaweza kufika mita 4 au 5. Kichwa cha mpigaji kitaingia pichani, naye hatakiona kidirishani.

Yamebaki mawili madogo. La kwanza ni umbali wa fokasi. Kipima umbali cha kamera bado hufanya kazi kwa lenzi pana, lakini ukitazama kadi au kidirisha cha juu hutaona fokasi. Hivyo pima kwanza, kisha panga. Au tumia wema wa lenzi pana: kwa 28, funga tundu mpaka f/8, weka umbali mita 3.3, nawe utapata vitu vyote vilivyo wazi kutoka mita 1.65 mpaka milimani. La pili ni kwamba anayetazama kwa kidirisha cha juu hutazama kutoka mahali pa juu kuliko lenzi. Kwa mbali haidhuru. Kwa mtu aliye mita 1 mbele yako, kiasi cha upana wa vidole vinne hupotea juu ya kichwa. Inua kamera kidogo kabla ya kufyatua.

Labda mtu atasema, kamera za siku hizi zimemaliza shida hizi. Ni kweli kwamba zilitengenezwa baadaye kamera za kipima umbali zenye fremu mpaka 21. Lakini kamera tuliyo nayo ni hii, filamu hutuletea kaka zetu walioko Ulaya, na kila filamu ni picha 36 tu. Wanafunzi wa zamani wanapokutana, hatujui ni nani atakayekuwapo mara nyingine. Picha ya kundi haipigwi kwa ajili ya wale wanaojuana siku ile. Hupigwa kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa, atakayekuja na jina moja akitafuta sura moja.

Kwa hiyo katika kila picha ya kundi tumeanza kuandika daftarini lenzi, umbali uliopimwa, na ukubwa wa kichwa juu ya filamu. Kilicho chini ya milimita moja hakikubaliwi. Ikiwa watu ni wengi mno, twawagawa makundi mawili na kutumia picha mbili za filamu. Ni ghali, lakini ni rahisi kuliko safari ya kutoka Muyinga na kurudi mikono mitupu.

Mstatili wa chaki uko katika ukuta wa nyuma wa darasa la fizikia. Anayetaka kupima kamera yake, ya filamu au ya simu, aje Jumamosi baada ya michezo. Na ninyi kaka zetu, mtakapokuja kwenye mkutano ujao, mkimwona kijana mwenye kamba na jiwe akiwaomba msimame mstari ulionyooka, mwacheni nafasi pembeni, tena sogeeni karibu. Anawapimia nyuso zenu.